Majuto ya wapiga besi: walionunua amplifaya mbovu wanatuambia nini



Wengi wenu mnajua kwamba kwaya ya vijana imekuwa ikichangisha pesa tangu mwaka jana ili tupate amplifaya ya gitaa la besi. Gitaa lenyewe tunalo. Lilikuja na familia moja kutoka upande wa Uvira, likiwa limefungwa ndani ya kitenge kama mtoto, na halikuvunjika njiani. Lakini gitaa la besi bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi nne tu. Ukikaa mstari wa pili kanisani unaona vidole vinatembea, husikii kitu.

Pesa za kisanduku si za kwaya peke yake. Ni elfu mbili mbili za familia zenu, na tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023 kila mama hapa anajua elfu mbili ni kitu gani: ni sabuni, ni chumvi, ni daftari la mtoto. Kwa hiyo kamati iliniomba, kwa kuwa nafundisha sayansi na nina ndugu wa kunilaza Jinja, nitumie likizo kuwauliza watu waliotutangulia kununua. Nikaenda Jinja, halafu nikapanda gari kupitia Iganga na barabara ya Tirinyi mpaka Mbale.

Sikuwauliza ni amplifaya ipi nzuri. Hilo ukiuliza, kila mwenye duka atakuonyesha ya kwake. Niliwauliza wapiga besi: ni ipi uliyowahi kuwa nayo ukaijutia? Jamani, hapo ndipo midomo ilipofunguka. Mtu aliyesema hana dakika tano alikaa nami saa nzima, chai ikapoa. Majina yao siyaandiki, maana wengine walinunua kwa pesa za kanisa na maneno hayo bado hayajaisha huko kwao.

Aliyedhani mkono wake umekufa

Wa kwanza ni baba mmoja Mkongo aliyetoka Bukavu zamani, anaishi Jinja, anapiga kwenye harusi. Amplifaya yake ya kwanza ilikuwa ndogo, ya gitaa la solo, spika moja ya inchi 8, na mgongo wake uko wazi. Dukani aliambiwa kwamba gitaa ni gitaa. Akalipa, akafurahi, akaibeba kichwani.

Nyuzi nyembamba zilisikika vizuri. Akishuka kwenye uzi mnene, sauti inapotea, au inatoka kama mtu anayepiga debe tupu. Afanye nini? Akaanza kupiga kwa nguvu, vidole vikatoka malengelenge. Halafu akaacha kabisa noti za chini, akawa anatembea juu juu tu ili asikike, na mwenye solo akakasirika kwamba anaingiliwa njia yake. Wenzake wakasema huyu ana mkono mzito, besi haijui. Na yeye akawaamini! Akaweka gitaa chini mwaka mzima, akauza chapati. Siku moja bendi nyingine ilikosa mtu wakamwita ashike besi yao, akapiga vile vile alivyokuwa akipiga siku zote, na ukumbi ukatetemeka. Alikaa kimya wiki nzima, aliniambia. Ile pesa ameshaisahau. Ule mwaka ndio unaomuuma.

Hadithi ya namna hii niliisikia zaidi ya mara moja. Dada mmoja wa Mbale alijifunzia kwenye amplifaya ya kanisa isiyokuwa na sauti ya chini hata kidogo, na mpaka leo, akiwa na chombo kizuri, mkono wake bado unapiga kama anayetwanga. Anakata nyuzi. Nyuzi za besi si za bei ya nyuzi za kushonea, na mume wake amekwisha sema.

Ndiyo maana nataka wazazi wasome habari hii, si wanakwaya tu. Watoto wetu watatu wanaojifunza besi watajifunza kile ambacho chombo kitawaruhusu kusikia.

Besi ina njaa

Hapa mniruhusu nivae koti la ualimu kidogo.

Sauti ni hewa inayotikiswa. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Ule mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82, yaani mara mbili yake. Tofauti inaonekana ndogo, lakini sauti ikishuka hivyo, karatasi ya spika inabidi itembee mbele na nyuma mara nne zaidi ili isukume hewa kwa nguvu ile ile. Na sikio letu nalo ni zito kwa sauti za chini, linataka kusukumwa zaidi. Sasa spika ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya solo haina nafasi ya kutembea kiasi hicho. Inagonga mwisho wake, inakoroma, na siku ya tatu karatasi inapasuka. Halafu tunasema spika ilikuwa mbovu. Spika ilikuwa nzima, ila ilipewa kazi ya mwingine.

Kuna jambo la pili, la sanduku. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Sauti nyembamba huenda mbele moja kwa moja, lakini sauti nene huzunguka ukingo wa spika, zile za mbele zinakutana na zile za nyuma na zinauana. Ndiyo maana sanduku la besi hufungwa nyuma, au huachiwa tundu lililopimwa, na sanduku lenye mgongo wazi halifai. Hili mnaweza kulijaribu nyumbani. Chukua spika kutoka redio iliyokufa, iunganishe kwa waya na redio nzima, isikilize ikiwa mkononi. Sauti kama ya nyuki. Kisha kata tundu kwenye katoni la sabuni, ibandike pale. Besi inakuja! Darasa la sita tulilifanya hilo, na mtoto mmoja akauliza kama tumeongeza betri.

Wenye kutengeneza vyombo walilijua jambo hili mapema. Marekani, Leo Fender alianza kuuza gitaa la besi la umeme aliloliita Precision mwaka 1951. Mwaka uliofuata, 1952, akatoa amplifaya ya kwenda nalo, Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Hakuwaambia wateja wake kwamba gitaa ni gitaa. Basi na sisi, zaidi ya miaka 70 baadaye, tusikubali kuambiwa hivyo dukani.

Wati za kwenye karatasi

Mbale nilimkuta fundi wa redio, meza yake imejaa vyombo vilivyofunguliwa matumbo. Wapiga muziki wote wa mji, wakiumia, huishia kwake. Yeye majuto ya wenzake ndiyo mkate wake, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kunifundisha, lakini alinifundisha.

Alinionyesha chombo chenye taa za rangi mbele, na karatasi inayong'aa imeandikwa wati 1200 na herufi PMPO. Herufi hizo zikishazoeleka macho hazitudanganyi tena: maana yake ni hesabu ya kufikirika, nguvu ambayo chombo kingeweza kuitoa kwa kufumba na kufumbua, ikahesabiwa kwa namna inayompendeza muuzaji. Hakuna sheria moja inayosema ihesabiwe vipi. Kisha fundi akakigeuza chombo. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kuna kibati kidogo kisichong'aa: kinatumia wati 60. Akaniuliza, mwalimu, mtu anayekula sahani moja anawezaje kutapika magunia mawili?

Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la saba anaiweza. Chombo hakiwezi kutoa nguvu zaidi ya kile inachokivuta ukutani. Kama kibati kimefutika, angalia fyuzi. Fyuzi ya nusu ampea kwenye umeme wa volti 240 inaruhusu wati 120 hivi, basi, na hizo haziendi zote kwenye spika, nyingine zinageuka joto.

Na wati zenyewe tusiziabudu. Ukitoka wati 100 kwenda 200, sikio linasikia ongezeko dogo tu. Ili watu waseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji nguvu kama mara kumi. Kwa hiyo kugombana na muuzaji juu ya wati 100 au 120 ni kupoteza nauli. Uliza spika ni inchi ngapi, na gonga sanduku kwa kidole usikie kama ni ubao mzito au ni kibao cha karatasi kilichopakwa rangi.

Yule dada wa Mbale niliyemtaja juu alikuwa na moja ya zile za taa za rangi. Aliuza mbuzi wawili. Anasema taa zilikuwa nzuri sana.

Umeme wa Jinja na umeme wa Marekani

Jinja ndiyo mji wa umeme wa Uganda. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Umeme unaofika ukutani hapa Uganda ni wa volti 240. Marekani ukutani kuna volti 120. Jambo hilo dogo limechoma amplifaya nyingi kuliko ulevi wa wapiga muziki.

Kanisa moja upande wa Mbale lilipewa amplifaya ya besi na wageni waliotoka Marekani. Nzuri, nzito, spika inchi 15, kila kitu tulichokisema. Ikaombewa. Aliyeichomeka ukutani alikuwa mpiga besi mwenyewe, na yeye ndiye aliyenisimulia. Kulikuwa na mlio mmoja, moshi, na harufu ambayo anasema bado anaisikia akiingia mlango ule. Watu waliona ni pepo. Kibati cha nyuma kilikuwa kimeandika wazi volti 120, na pembeni yake hapakuwa na swichi ya kubadilisha.

Vyombo vingi vya siku hizi vinakubali volti 100 hadi 240, au vina swichi hiyo. Vingine havina. Ni kusoma tu. Na kama ni cha 120, kuna transfoma za kushusha umeme, ila ni nzito na bei yake iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Jambo la pini nalisema kwa ukali, mniwie radhi. Plagi ya Uganda ina pini tatu, na ile moja ndefu ni ya ardhi. Vyombo vinavyotoka kwingine vina plagi nyingine, na nimeona kwa macho yangu watu wakikata plagi na kuchomeka waya mbili kwa vijiti vya kiberiti, ule wa tatu umekunjwa pembeni. Waya ule wa tatu ndio unaomlinda mtu. Nyuzi za gitaa ni chuma, maikrofoni ni chuma. Ikitokea hitilafu, mwili wa mpigaji ndio unakuwa daraja. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Uskoti, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows, alishika maikrofoni isiyokuwa na ardhi akiwa jukwaani Swansea, akafa mbele ya watu. Na pale palikuwa na sakafu ya ukumbi. Sisi kanisa letu ni la udongo, na msimu wa mvua tunaimba miguu imelowa.

Ile nzito aliyoiuza

Siyo majuto yote yanafanana. Mzee mmoja Mbale, ambaye magoti yake sasa yanamsumbua, aliniambia anajutia amplifaya aliyoitukana miaka yote aliyokuwa nayo. Ilikuwa ya zamani, ya zile zenye taa za kioo ndani, unaiwasha unasubiri ipate joto. Watu wawili ndio waliibeba. Aliiita jeneza. Kondakta wa basi alimlipisha nauli ya abiria kwa ajili yake. Akaiuza akanunua nyepesi yenye vitufe vingi, na ile nyepesi haikumaliza mwaka. Aliyemuuzia, anasikia, bado anaipiga.

Jambo hili limewapata na wakubwa. Ile Bassman niliyoitaja, ilipofika mwisho wa miaka ya 1950, ilikuwa na spika 4 za inchi 10, na wapiga besi wengi waliona inakoroma wakiipandisha. Wapiga gitaa la solo ndio waliopenda ule mkoromo. Jim Marshall, mwenye duka la vyombo London, alianza amplifaya zake mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kuiga Bassman hiyo, na kelele ile ikazunguka dunia nzima. Wapiga besi walisubiri sana. Kampuni ya Ampeg ilitoa SVT mwaka 1969, wati 300, na kichwa chake peke yake, bila sanduku la spika, kinakaribia kilo 40. Kwa hiyo mzee wetu hakuwa peke yake kubeba jeneza.

Mimi lakini sikubaliani naye sana. Naona anachokikumbuka ni mabega yake ya wakati ule. Taa za kioo zikiungua leo utazipata wapi? Na chombo cha namna hiyo kinakula umeme hata kama hupigi, kitamaliza betri yetu kabla ya mahubiri kwisha. Nilimwambia hivyo kwa heshima. Akacheka, akasema nirudi nikiwa na miaka 60.

Amplifaya ya mtu mwingine

Jambo ambalo sikulitegemea ni hili. Majuto makubwa niliyoyasikia hayakuhusu sauti.

Kule Jinja kundi la vijana sita walichanga, wakanunua amplifaya ya besi nzuri kabisa. Ikawa inalala kwa mmoja wao kwa sababu nyumba yake ina mlango wa chuma. Wakagombana juu ya malipo ya harusi moja. Mwenye mlango wa chuma akafunga mlango. Risiti ilikuwa na jina lake, na wengine watano hawakuwa na karatasi yoyote. Wawili kati yao niliongea nao, kila mmoja peke yake, na wote wanasema hiyo ndiyo amplifaya mbovu kuliko zote walizowahi kuwa nazo, ingawa ilikuwa inalia vizuri. Hawasalimiani mpaka leo na watoto wao wanasoma shule moja.

Muziki wetu wa dansi umejaa habari ya vyombo vya mwenyewe. Tuchukue Tanzania, ambako Wakongo wengi walikimbilia au walihamia na magitaa yao. Remmy Ongala, aliyezaliwa upande wa Kindu mwaka 1947, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, halafu akaongoza Super Matimila. Jina Matimila si la mpiga muziki. Ni la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Walipiga muziki ambao baba zetu wanaulilia mpaka leo, lakini amplifaya hazikuwa zao. Mwanamuziki akihama bendi, alihama na vidole vyake tu.

Kuna faida yake, nakubali: chombo kikiungua, mwenyewe ndiye anayelipa. Ila sisi hatuna tajiri. Mwenye vyombo ni ninyi.

Na hapa kambini (wakubwa wanasema makazi, sisi tunasema kambi) watu husafiri. Leo mtu ni mweka hazina, kesho jina lake limetoka kwenye orodha ya kwenda Kanada, baada ya miezi michache nyumba ina watu wengine. Hakuna ubaya, tunamwombea safari njema. Lakini amplifaya ikiwa ndani ya nyumba yake, na risiti iko ndani ya begi lake, nani atasimama aseme ni ya kwaya? Swali hili niliwauliza kamati, wakatazamana.

Wasiokuwa na amplifaya kabisa

Vijana wawili wameniambia tusinunue chochote, na sikuwacheka, kwa sababu wanajua wanachosema.

Huko Busoga, nje ya Jinja, kuna chombo kinaitwa embaire. Ni vibao vikubwa vya mti, vimepangwa kutoka kikubwa hadi kidogo, na watu kadhaa wanakaa pande mbili wanapiga pamoja. Kijiji cha Nakibembe kinasifika kwa chombo hiki. Kikundi chao kimerekodiwa na watu wa Nyege Nyege, walioanzisha tamasha lile la Jinja mwaka 2015. Chini ya vibao wanachimba shimo. Shimo ndilo amplifaya. Vile vibao vinene vikigongwa, sauti inaingia ardhini na kutoka imeshiba, unaisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Hakuna waya, hakuna volti, wala mlango wa chuma. Na Mbale, kwenye miaka inayogawanyika kwa mbili, msimu wa imbalu ukifunguliwa pale Mutoto, ngoma za kadodi zinatembea barabarani na vijana kutwa nzima, hakuna anayeuliza betri imebaki kiasi gani.

Upande wetu wa Kongo kuna Konono Nambari 1. Mzee Mingiedi alianzisha kundi lile Kinshasa mwaka 1966. Alitaka likembe zisikike barabarani juu ya kelele za magari, hakuwa na pesa ya vyombo, basi akatengeneza maikrofoni kwa sumaku za vyuma vya magari yaliyokufa, na sauti ikatoka kwenye bomba za kutangazia. Likembe ya besi nayo ilikuwemo. Ilikoroma kupita kiasi. Badala ya kuona aibu, wakapigia humo humo, na albamu yao Congotronics ilipotoka katikati ya miaka ya 2000, Wazungu walidhani ni mtindo mpya uliobuniwa makusudi.

Lakini mbona simwambii mwenyekiti achimbe shimo? Kwa sababu gitaa la besi si kibao cha mti. Uzi wake peke yake hautikisi hewa ya kutosha hata kama utalilaza juu ya kisima. Na kwaya yetu inaimba na kinanda cha betri na waimbaji 30. Embaire kama tukipata Msoga wa kutufundisha, mimi nitakuwa wa kwanza kushika jembe. Hiyo ni kazi nyingine, ya mwezi mwingine.

Tulipofikia

Kuna amplifaya mbili mbele ya kamati. Moja iko Jinja, imetumika, rangi imebanduka, spika inchi 15, sanduku limefungwa, kibati kinasema volti 240 na wati 150 za kuvuta. Nyingine iko Mbale, mpya, ina taa na pa kuchomeka flashi, bei karibu sawa. Mimi nimeshasema ninayoiona, lakini pesa si yangu.

Kuhusu umeme wetu: betri ya shule ni ya volti 12, ampea-saa 70, na betri za namna ile haifai kuzimaliza zaidi ya nusu. Zinabaki 35. Ile ya Jinja, ikipigwa kwa kiasi, itavuta kupitia inverta kama ampea 10. Hiyo ni saa tatu na nusu kwenye hesabu, na kwa uzoefu wa inverta yetu sema saa tatu. Ibada inatosha. Mkesha hautoshi.

Hatutalipa kabla gitaa letu wenyewe halijapigwa pale dukani, uzi mnene, kwa sauti ya ibada, dakika 15 mfululizo, si dakika mbili za kuonja. Kamati imekubali hilo. Ambalo bado ni jina la risiti, chombo kilale wapi, na mtu akisafiri inakuwaje. Nimependekeza iandikwe jina la kwaya, sahihi za watu watatu kutoka mitaa mitatu, na nakala moja ikae kwenye kabati la shule. Baba mmoja wa kamati anaona ninawashuku watu. Mwacheni aje aseme.

Mkutano ni Jumamosi baada ya mgao, darasa la sita. Kila familia iliyochanga ina sauti moja, hata kama ilichanga mara moja tu. Akina mama waliouliza kama wanaweza kuleta watoto, ndiyo, leteni, tutawaonyesha ile spika ya katoni. Na anayejua kuunganisha inverta aje mapema, maana betri inatakiwa kurudi kwenye taa za shule kabla ya saa kumi na mbili jioni.